Madalali wa nyumba chakavu Ujiji: wakutafutie nyumba na waitishe kikao, bei ipange mwenyewe

Kwa anayetafuta nyumba ya zamani Ujiji ili aikarabati, huduma ya udalali tunaipa nyota tatu kati ya tano. Nyota hizo madalali wanazipata kwa kazi mbili: kujua nyumba ipi inauzwa kabla haijaandikwa ukutani, na kuujua ukoo wa mwenye nyumba mpaka wajukuu walioko Dar es Salaam. Mbili wanazikosa kwenye bei na kwenye karatasi. Dalali wa Ujiji anajua watu. Nyumba yenyewe, yaani msingi wake, kenchi zake (mbao zinazobeba paa), mchwa wake na hati yake, haijui na wala halipwi kuijua. Mnunuzi anayemwachia kazi zote hununua ghali, na mara nyingi hununua na kesi.

Nyumba tunazozisemea ni zile za Kitongoni, Kasingirima na Rusimbi: tofali mbichi zilizojengewa udongo, vyumba vinne au sita pande mbili za ukumbi, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo cha shimo, na bati lililoshika kutu. Wazazi wametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika Mwanga, Tabora na kwingineko, chumba kimoja anakaa shangazi na viwili wamepangishwa watu. Mapagale ya bloku ya Gungu na Buhanda ni biashara nyingine, yana hesabu zake, hatutayagusa hapa.

Malipo ya dalali, na cha juu

Desturi ni asilimia 5 hadi 10 ya bei, na si ajabu dalali mmoja akachukua kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Asilimia zenyewe zinavumilika. Kinachoumiza ni cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 30, dalali anakutajia 35, na hizo tano ni zake juu ya asilimia zake. Hapo unaweza kubishana wiki mbili, ukashusha milioni 3, ukaondoka umefurahi, kumbe mwenye mali hujamgusa hata shilingi. Dalili zake zinajulikana: hataki ukutane na familia mpaka kwanza muafikiane bei, akimpigia simu mwenye nyumba anatoka nje, ukitaja bei ndogo anaikataa papo hapo bila kumuuliza mtu yeyote.

Dawa ni kumlipa kiasi maalumu badala ya asilimia. Ukimlipa asilimia, bei ikipanda na malipo yake yanapanda, kwa hiyo unamlipa mtu ili akushinde. Mkubaliane kabla hujaonyeshwa nyumba, mkaandike: kwa mfano laki 8 siku ya makabidhiano, baada ya saini ya mwisho, na laki 3 za ziada bei ikiwa chini ya kiwango mlichokitaja. Sharti la pili ni kwamba mwenye mali ataitaja bei kwa kinywa chake mwenyewe, dalali akiwa amekaa hapohapo. Wapo madalali Ujiji wanaokubali masharti hayo bila kununa, na hao ndio wa kufanya nao kazi. Anayekataa sharti la pili ana cha juu, muage kwa heshima utafute mwingine.

Nauli ya bodaboda ya kuzunguka ni haki yake, mpe. Lakini hela ya "kushikilia nyumba" usimpe dalali hata kidogo. Kishika uchumba hupewa mwenye mali au wakili, kwa maandishi, na maandishi hayo yaseme kwamba kinarudi chote endapo karatasi zitaonekana na kasoro. Na usiwaambie madalali watatu kwamba unaitaka nyumba moja. Kila mmoja atakwenda kwa familia na habari ya mnunuzi wake, familia itaona wanunuzi watatu wanagombania, na bei itapanda kwa ajili yako wewe peke yako.

Ukaguzi ndio mtaji wa bei ya chini

Bei ndogo isiyo na sababu ni matusi. Bei ndogo yenye karatasi ya fundi ni mazungumzo. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi wanalikosea: wanadhani kushusha bei ni kuwa na moyo mgumu, wakati nguvu yote iko kwenye ukaguzi uliofanywa vizuri na kuandikwa.

Fundi usiletewe na dalali. Mtafute mwenyewe, mlipe siku yake, na umwambie mapema kwamba ukarabati utafanywa na mtu mwingine. Fundi anayeitaka kazi hupunguza makadirio ili ununue, kisha hukuongezea kazi ikishaanza. Nendeni mara mbili kama inawezekana, moja mvua ikiwa inanyesha. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Mwezi Julai kila nyumba ni kavu.

Anzeni na kuta, kwa sababu kwenye tofali mbichi ndiko hela inakozama. Ufa mwembamba wa lipu si kitu. Ufa wa kuogopa ni unaopanda kama ngazi kwenye kona, mpana juu kuliko chini, unaoingia kidole, na ulio karibu na mlango usiofungika tena: msingi umekaa upande mmoja. Ombeni ruhusa mchimbe shimo la futi 2 kwenye kona hiyo muone msingi ulivyo. Nyumba nyingi za zamani zina mawe yaliyopangwa kwa udongo, na maji ya paa yakidondoka sehemu moja miaka yote huosha udongo ule mpaka mawe yanabaki yanachungulia. Kama ni kona moja, huchimbwa vipande vya mita 1, kipande kimoja kimoja na kuruka kimoja, hujazwa zege, kisha huzungushiwa jamvi la nje (sakafu ya kuzunguka ukuta) la sentimita 75 lenye mteremko ili maji yaende mbali. Kama ni kuta tatu, hiyo si nyumba ya kukarabati tena. Ipigieni hesabu ya kiwanja, mtoe gharama za kubomoa.

Kama mazungumzo yatachukua miezi, na ya mirathi huchukua, bandikeni kipande cha lipu ya saruji juu ya ufa na kuandika tarehe juu yake. Kikipasuka kabla ya siku ya kusaini, nyumba bado inatembea.

Halafu angalieni lipu ilivyo. Ikiwa ukuta wa udongo ulipigwa lipu ya saruji, gongeni kwa kifundo cha mkono kuanzia chini. Inapolia tupu imeachana na ukuta. Udongo hulowa na kutanuka, hukauka na kunywea, saruji haifanyi hivyo, na unyevu ukinaswa nyuma yake tofali za chini hulainika. Kurudishia lipu ileile juu yake ni kuchoma hela. Inabanduliwa yote, wavu wa kuku unapigiliwa ukutani kwa misumari, ndipo lipu mpya inashika. Au mnarudi kwenye lipu ya udongo na chokaa, ambayo kwa nyumba hizi ni nzuri kuliko watu wanavyoidharau. Kwa makadirio, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hupiga lipu mita za mraba 9 hadi 10 kwa unene wa sentimita moja na nusu, mchanganyiko wa 1 kwa 5. Nyumba ya mita 10 kwa 9 yenye kuta za urefu wa mita 2.7 ina karibu mita za mraba 90 za nje ukitoa madirisha na milango, yaani mifuko 10 kwa nje pekee.

Paani kuna jaribio lisilogharimu kitu: saa sita mchana ingieni kila chumba, mfunge madirisha, mtazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Ikiwa kuna dari, pandeni na tochi. Msiishie kwenye bati. Chomeni kenchi na papi (mbao zinazopigiliwa bati) kwa bisibisi hasa pale zinapokutana na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ndani ya ukuta wa udongo na kuanzia hapo. Mara nyingi papi zimekwisha lakini kenchi za mninga za zamani ni nzima kabisa, na hiyo ni akiba kubwa kwenye hesabu yako. Nyumba ileile ya 10 kwa 9, paa likitoka sentimita 60 kila upande na mteremko wa kawaida, ina paa la karibu mita za mraba 123. Bati la mita 3 likishapandishana hufunika kama mita za mraba 2, kwa hiyo hesabuni bati 66 hadi 68 pamoja na zitakazokatwa, bila kusahau kofia za juu. Muuzaji wa bati akikupa bei nzuri mno uliza geji: 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Makadirio ya fundi yasiyotaja geji hayana maana.

Choo cha shimo kipimwe kwa kamba yenye jiwe. Kwenye mitaa ya chini kuelekea ziwani hili si dogo, kwa sababu maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana kuanzia 2020 na kumeza nyumba na mialo pembezoni mwa ziwa, na maji ya ardhini huko yako juu. Shimo lililojaa maji masika halitachimbika kwenda chini. Utahitaji tangi la kujengwa juu, gharama nyingine kabisa. Na nyumba iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa isikutamanishe kwa bei yoyote: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo.

Umeme ni wa haraka. Nyaya za zamani zisizo na ethi, yaani waya wa usalama uendao ardhini, zinang'olewa zote, msizihesabu kama zipo. Nunueni umeme wa shilingi elfu chache kwenye mita hiyo mtazame risiti: kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na kama kuna malimbikizo au deni jingine risiti itaonyesha makato yake. Ankara ya maji muulizie KUWASA kwa namba ya mita, msiridhike na risiti ya zamani mnayoonyeshwa.

Mwisho mtembee mipaka na jirani wa kila upande. Kama mtaa umepimwa, bikoni, yaani alama za mipaka za wapimaji, zionekane. Kama haujapimwa, jirani ndiye bikoni, na jina lake litahitajika kwenye mkataba. Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, kumbukeni kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Baraza zuri lililo ndani ya hifadhi si mali unayoinunua.

Fundi aandike haya yote kwenye karatasi moja, safu ya vifaa na safu ya ufundi, kila kipengele na kiasi chake. Bei za vifaa zichukuliwe dukani wiki hiyohiyo.

Hesabu ya bei yako ya mwisho

Wanunuzi wa Marekani wanaokarabati na kuuza wana kanuni ya asilimia 70: chukua thamani ya nyumba ikishakamilika, zidisha kwa 0.7, toa ukarabati, hiyo ndiyo bei ya juu. Kule bei za nyumba zilizouzwa karibuni zinapatikana kwa urahisi. Ujiji hazijaandikwa popote, na bei inayotajwa na mdomo wa dalali ina cha juu ndani yake. Kwa hiyo thamani ya nyumba iliyokamilika itafuteni kwa watu watatu tofauti: mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano, mtu aliyenunua mtaa huo karibuni, na dalali ambaye hana nyumba ya kukuuzia. Chukueni ya chini kati ya hizo, si ya katikati.

Tuseme, kwa mfano tu, nyumba ikikamilika ina thamani ya milioni 48. Ukarabati kwa karatasi ya fundi ni milioni 15. Weka dharura ya asilimia 20 ya ukarabati, milioni 3. Kwa nyumba ya udongo asilimia 10 haitoshi kwa sababu ukibandua lipu ndipo unapoona ukuta. Wakili, ushuru wa stempu na uhamisho, tenga milioni 1.5. Dalali milioni 1.1. Pango la kwako mwenyewe miezi mitano ya ujenzi, laki 9. Umebakiwa na milioni 26.5. Toa milioni 4 kwa ajili ya hatari unayojibebesha, maana kama hutazitoa ni heri ununue iliyokwisha kukarabatiwa. Bei yako ya mwisho ni milioni 22.5. Iandike uiweke, usimwambie dalali, wala fundi.

Mwenye nyumba anataka 30. Anza na 19. Ukianza na 12 mazungumzo yanakufa na jina lako linazunguka mtaani. Ukianza na 22 huna pa kwenda. Kupanda kwako kuwe kunapungua: 19, kisha 21, kisha 22. Mwenye kuuza anausoma mwendo huo hata kama hukuusemea: anaona hela zinaisha. Anayepanda milioni 2 kila safari anaonyesha kwamba anazo nyingine 2.

Kikao cha familia: hapa dalali analipwa kihalali

Nyumba ya urithi haina muuzaji mmoja. Yuko mtoto mkubwa anayezungumza, yuko dada aliyeuguza wazazi ambaye hasemi kitu kikaoni lakini akikataa haiuzwi, na yuko wa Dar es Salaam anayesikiliza kwenye simu na kudhani kiwanja cha Ujiji kina bei ya Sinza. Dalali mzuri anawajua wote, anajua nani kagombana na nani, na anaweza kuwakalisha mkeka mmoja Ijumaa baada ya swala. Kazi hiyo mgeni haiwezi. Kwa kazi hiyo peke yake tungempa nyota tano.

Kikaoni, nyumba isitukanwe. Ni ya marehemu baba yao. Usiseme imechakaa, imeoza, haina maana. Sema gharama, na uanze na salamu zinazostahili. Namna inayofanya kazi ni kama hii: "Shikamoo shangazi, poleni na majukumu. Nyumba ya mzee tumeipenda, na mtaa tumeupenda. Tumeipitia na fundi kona kwa kona, karatasi yake hii hapa, someni wenyewe. Paa zima, kona ya nyuma ya msingi, lipu na umeme ni milioni 15 kabla hatujalala usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, tulichonacho mkononi ni hiki." Taja bei, nyamaza. Karatasi waachie. Itazunguka kwenye familia na kufanya kazi ambayo maneno yako hayawezi, kwa sababu wa Dar ataipigia picha na kumwonyesha fundi wake, na fundi wake atasema ni kweli. Ndiyo maana karatasi isiwe na hata shilingi ya uongo.

Tafuta namba inayogawika. Kama warithi ni wana watatu na mabinti wanne, wazazi wote hawapo, na familia inagawana kwa sheria ya Kiislamu, mafungu ni 10. Milioni 22 ni milioni 2.2 kwa kila binti na 4.4 kwa kila mwana; kila mmoja anaiona yake hapohapo. Bei ya 21.7 inaanzisha ugomvi wa vijilaki.

Kinachowashinda wanunuzi wenye hela nyingi kuliko wewe ni kubeba mzigo ambao wao hawautaki. Familia nyingi zimekwama kwa sababu mirathi haijafunguliwa na hakuna wa kuigharamia. Ukikubali kulipia gharama za mahakama na nauli ya mrithi wa mbali aje kusaini, na kumwachia shangazi chumba chake miezi mitatu bila kodi mpaka masika yapite, ofa yako ya 22 inaweza kuishinda ya 25 inayotaka nyumba itoke wazi mwezi huu. Haya tunayasema kwa dhati: mnunuzi anayemharakisha mama mjane kwa sababu amesikia ana deni la hospitali atapata bei ndogo, na kesho yake atapata mrithi mahakamani anayedai dada yake alirubuniwa. Masharti yako yaandikwe kwenye barua ya ofa, pamoja na tarehe ya chumba kukabidhiwa, na ofa yenyewe iwe na mwisho, siku 14 zinatosha. Isiyo na mwisho familia huitembeza kama mnada.

Karatasi, ambazo dalali husema ziko sawa

Zinaweza kuwa sawa. Thibitisha mwenyewe.

Anayeuza nyumba ya marehemu lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa mahakama ya mwanzo, barua ya usimamizi ni Fomu Na. IV, chukua namba ya shauri uende mahakamani kuulizia kama ipo, kama haijatenguliwa na kama kuna pingamizi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Hata mwenye Fomu Na. IV, dai saini za warithi wote, maana msimamizi anasimamia kwa niaba yao.

Ujiji kuna swali ambalo watu wa mikoa mingine hawalizoei: je, nyumba au kiwanja ni wakfu? Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hata warithi wote wakisaini. Ulizia kwa shehe wa mtaa na ofisi ya BAKWATA kabla ya kutoa kishika uchumba.

Kama muuzaji yuko hai na ana ndoa, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hivyo. Mke wa pili naye ni mke.

Penye hati, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa uone kama ina rehani au zuio, na uulize malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Penye barua ya toleo ya zamani peke yake, linganisha jina, namba ya kiwanja na kitalu na kumbukumbu za manispaa. Pasipo na chochote ila karatasi ya mauziano ya mtaa, bei ishuke zaidi, kwa sababu urasimishaji, yaani kupimiwa na kupata hati, utaugharamia wewe. Hiyo ni hoja halali ya bei, iweke kwenye barua yako pamoja na karatasi ya fundi.

Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji kisheria. Wauzaji wengi husema wanataka "hela safi", maana yake uwalipie wewe. Ukikubali, kiasi hicho kitoke ndani ya bei yako ya mwisho, kisiongezwe juu yake. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, ni wa kwako. Hela zipitie benki, mbele ya wakili, kwa awamu: sehemu siku ya kusaini, iliyobaki siku ya makabidhiano.

Siku ya makabidhiano

Mkataba utaje vitu vinavyobaki kwenye nyumba, kimoja kimoja: milango ya mninga mingapi, fremu, grili, mita ya LUKU kwa namba yake, mita ya maji, tangi. Kati ya kusaini na kukabidhiwa, milango ya mninga hung'olewa usiku ikaachwa mabati, na kwenye nyumba ya hesabu ya milioni 22 milango sita mizuri si kitu cha kusamehe. Piga picha zenye tarehe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wapangaji waliolipa kodi ya miezi mbele waorodheshwe na kiasi walicholipa, kikatwe kwenye awamu ya mwisho, la sivyo utakaa nao bila kupokea chochote mpaka miezi yao iishe.

Lipa awamu ya mwisho ukiwa umesimama ndani ya nyumba, funguo mezani, baada ya kuzungukia vyumba. Malipo ya dalali yatoke hapohapo, baada ya saini ya mwisho, kwa risiti. Majina ya mita ya umeme na maji yabadilishwe wiki hiyo, na kama umepanga kuanza paa, oda ya bati ifike kabla ya Septemba kuisha.